Ripoti ya Wi-Fi kijani kila kona, -60 dBm, mbona simu za video zinakatika?

mlinzi_wa_swichi

Wakuu heshima kwenu. Naomba mnisaidie kuisoma ripoti ya upimaji wa Wi-Fi tuliyoletewa kazini, maana nimeisoma mpaka ukurasa wa mwisho na sioni ikijibu swali tulilouliza. Jengo ni la chini, refu, ukumbi mkubwa katikati na madarasa pande zote mbili. AP (vile vifaa vinavyorusha Wi-Fi) ziko 18, zote zinarusha 2.4 na 5 GHz, kwenye 5 chaneli zimewekwa upana wa 80 MHz, pawa iko juu kabisa, na majina ya mtandao yako sita: wanafunzi, walimu, wageni, printa, kamera, na moja la zamani ambalo hakuna anayejua linatumiwa na nani.

Ramani imejaa kijani, sehemu mbaya kabisa inasoma -62 dBm, na aliyepima kaandika kwamba mtandao ni mzuri. Ila ukumbi ukijaa simu za video zinaganda, na mtu akitembea huku anaongea sauti inakatika mpaka akae chini atulie. Ndani ya ripoti kuna RSSI, SNR, CCI, MCS, DFS, EIRP, yaani herufi tupu bila maelezo. Nataka kujua ipi kati ya hizi inaeleza shida yangu na ipi ni pambo. Natanguliza shukrani.

---

fundi_masafa

Mkuu nianze na hiyo iliyokupa kijani, zingine zitafuata.

dBm ni kipimo cha pawa kikilinganishwa na miliwati moja. 0 dBm ni miliwati 1, 10 dBm ni miliwati 10, 20 dBm ni 100, 30 dBm ni wati nzima. Kila ukiongeza 3 pawa inakuwa karibu mara mbili, kila ukiongeza 10 inakuwa mara kumi kamili. Ukienda chini ya sifuri ni vilevile kwa kugawanya, kwa hiyo -60 dBm ni sehemu moja ya bilioni ya wati. Inashangaza lakini simu inaishi vizuri kabisa na kiasi hicho, na wengi wanaopanga Wi-Fi ya sauti huchukua -67 dBm kama mpaka wa chini wa kufanyia kazi. Wewe mahali pabaya kabisa una -62, basi kwa upande wa nguvu ya mawimbi huna upungufu wowote, una ziada.

RSSI ndiyo inayochanganya watu. Kwenye kiwango chenyewe cha 802.11, yaani kanuni za Wi-Fi, RSSI ni namba tu ya nguvu ya mawimbi yanayosikika, isiyo na kizio, kuanzia 0 hadi 255, na kila mtengeneza chipu alijichagulia skeli yake. Apu ikikuonyesha RSSI kwa dBm ujue tayari imebadilisha kwa kanuni ya mtengenezaji wa kifaa hicho. Ndiyo maana simu mbili zikiwa juu ya meza moja zinaweza kutofautiana desibeli kadhaa na zote haziko mbovu. Uliza hapo: aliyepima alitumia nini? Kama ni laptopu yenye adapta ya USB na antena zake nzuri, basi simu ya mwanafunzi inasikia chini ya hapo, na ramani ilitakiwa ichorwe kwa kifaa dhaifu zaidi mnachotaka kukihudumia.

Ila sidhani shida yako iko hapa. Ramani ya kijani inakwambia AP inasikika, haikwambii kama kuna nafasi ya kuongea. Lete SNR na asilimia za matumizi ya chaneli, kontrola (kile kinachosimamia AP zote) lazima inazo.

---

kasi_ya_umeme

Mimi ningesema zungusha antena, weka za 9 dBi kwenye ukumbi, halafu hiyo pawa kama bado kuna nafasi panda nayo. Watu wakiwa wengi wananyonya mawimbi, miili ni maji, kwa hiyo unahitaji nguvu zaidi ukumbi ukijaa.

---

dada_wa_redio

Ni kweli miili ya watu inapunguza mawimbi @kasi_ya_umeme, hilo liko wazi na kwenye kumbi lazima lihesabiwe, lakini dawa yake sio kupandisha pawa ya AP. Ngoja nieleze kwa sababu hapa ndipo mipango mingi inapoharibikia.

Mawasiliano ni ya pande mbili. AP ikituma kwa 23 dBm na simu ikajibu kwa 14 dBm, kuna tofauti ya desibeli 9, na njia ya hewani inapunguza kiasi kilekile kwenda na kurudi. Mtu amekaa mahali ambapo simu yake inaisikia AP kwa -67, kwenye kioo mtandao umejaa, kumbe AP inamsikia yeye kwa -76. Yeye anawasikia wenzake vizuri sana na wao wanamsikia kwa kukatikakatika. Ukipandisha AP tena kwa desibeli 3, yeye anaona mtandao umenenepa zaidi na sauti yake haijasogea hata kidogo. Kwa hiyo unaposhusha pawa ya AP ikakaribia ile ya simu hujapunguza mtandao, umefanya namba inayoonekana kwenye simu iseme ukweli.

Antena yenyewe haitengenezi nguvu. dBi inaeleza imekusanya mawimbi kiasi gani upande fulani ukilinganisha na antena ya kufikirika inayorusha sawa pande zote. Ukikuta imeandikwa dBd, hapo wamelinganisha na dipoli, antena rahisi ya vijiti viwili, na dipoli tayari ina 2.15 dBi, kwa hiyo ongeza hiyo kabla ya kulinganisha bidhaa mbili. Antena ya 9 dBi ya kuzunguka pande zote imebana mawimbi yakawa bapa, ukiitundika kwenye dari ndefu waliokaa chini yake wanapata mabaki na wa mbali ambao hukuwahitaji ndio wanaohudumiwa. Kizuri cha antena ni kwamba inasaidia kusikia pia, sio kurusha tu, ndiyo maana kwenye kumbi watu hutumia antena za mwelekeo, zinatazama chini kipande kile tu wanachotaka.

Na EIRP ndiyo jumla ya hivyo vyote: pawa ya redio, toa kinachopotea kwenye kebo, ongeza dBi za antena. Sheria za masafa nyingi zinabana EIRP, hazijali umeipata kwa njia gani. Chukua Ulaya, kwenye 2.4 GHz mwisho ni 20 dBm, yaani miliwati 100. Ukiweka antena ya 9 dBi redio inabidi ishuke mpaka 11. Antena kubwa haikuongezei haki ya kupiga kelele.

---

mlinzi_wa_swichi

Asanteni sana, hii ya pande mbili imenigusa maana malalamiko mengi ni "wananiambia sauti yangu inakatika" na sio "siwasikii". Hapo nimeelewa.

@fundi_masafa nimechimba kontrola. SNR kwenye madawati inasoma 33 hadi 38 dB, ila ripoti imepimwa jengo likiwa tupu. Matumizi ya chaneli sasa: 2.4 GHz asubuhi kabla hamna mtu inasoma asilimia 70 na kitu. Hamna mtu kabisa! 5 GHz asubuhi iko kwenye 18 hivi, ukumbi ukijaa inapita 70. Aliyepima alitumia laptopu na adapta kweli. Hiyo 70 ya jengo tupu inatoka wapi, kuna mtu anatuibia?

---

fundi_masafa

Hakuna mwizi mkuu, ni AP zako wenyewe zinajitangaza.

SNR kwanza tuimalize haraka, ni tofauti kati ya mawimbi unayoyataka na kelele ya chini. Kelele ya joto peke yake ni -174 dBm kwa kila hezi moja, ukiizidisha kwa upana wa 20 MHz inafika -101, na redio yenyewe inaongeza desibeli kadhaa za kwake. SNR ya 25 inatosha kwa sauti na wewe una zaidi ya 33. Kwa hiyo sauti ipo kubwa, na iko safi. Kilichobaki ni muda wa hewani, na hicho ndicho ripoti yako haikukigusa.

Wi-Fi ni chumba ambacho anaongea mmoja tu kwa wakati. Chaneli moja, redio moja inatuma, wengine wote wanaoisikia wananyamaza wakisubiri, na haijalishi ni za AP ipi. Ukiweka AP mbili chaneli moja zinazosikiana hujapata mbili, umepata moja iliyogawanywa. Hiyo ndiyo CCI iliyoandikwa kwenye ripoti yako, na wengi wanaielewa kama uchafu wa mawimbi wakati kwa kweli ni foleni. Kiwango kinasema kifaa kikiweza kusoma mwanzo wa fremu (kifurushi kimoja cha data) ya Wi-Fi kwa -82 dBm kwenye 20 MHz lazima kinyamaze. Sasa fikiria AP zako 18 zikiwa pawa ya juu kabisa kwenye jengo moja refu lenye ukumbi wazi, ni ipi haisikii nyenzake kwa -82? Karibu zote zinasikiana.

Halafu piga hesabu na mimi. 2.4 GHz ina chaneli tatu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, kwa hiyo AP 18 ni sita kwa kila chaneli. Kila jina la mtandao lina bikoni yake, yaani tangazo fupi la "niko hapa", kawaida kila milisekunde 102.4. Sita mara sita ni bikoni 36 kwa kila milisekunde 102.4. Bikoni inatumwa kwa spidi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, na kama setingi haijaguswa kwenye 2.4 hiyo ni megabiti 1 kwa sekunde, spidi ya mwaka 1997 ile ya 802.11 ya kwanza. Tuseme bikoni ina baiti 250, inachukua milisekunde 2 na utangulizi wake kama 0.2. Mara 36 unapata milisekunde 79. Kati ya 102.4! Hiyo ndiyo 70 na kitu yako, na hapo hakuna hata mtu mmoja aliyefungua simu.

Kwenye 5 GHz spidi ya chini ni megabiti 6 ndiyo maana asubuhi inaonekana afadhali. Lakini tazama upana wa 80 MHz uliouweka. Ukiacha chaneli za DFS, 5 GHz inakupa vipande viwili tu vya 80 MHz: 36 hadi 48 na 149 hadi 161. AP 18 kwenye vipande viwili ni tisa kwenye foleni moja. Tisa mara majina sita ni bikoni 54, kila moja kama milisekunde 0.35, ni 19 kati ya 102.4. Umesema 18. Namba zako zinakaa sawa kabisa na setingi zako, na hilo linafurahisha kwa sababu maana yake hakuna kifaa kibovu, kuna mpango tu uliokosewa.

Fanya hivi. Majina yashushe yawe matatu au chini ya hapo. Spidi ya chini ipandishe iwe megabiti 12, bikoni ile ya milisekunde 2.2 inakuwa chini ya 0.2. Kabla ya hapo angalia kama kuna printa au kamera ya zamani inayojua 802.11b tupu, Wi-Fi ya zamani, hiyo itakatika. Zima redio za 2.4 kwenye AP nyingi, acha kama sita hivi zilizosambaa. Pawa ishuke. Kwenye 5 nenda 20 MHz, au 40 kama mtaingia DFS.

---

kasi_ya_umeme

Hesabu ya bikoni sikuwahi kuiona imepangwa hivi, asante mkuu. Sasa nauliza kwa 2.4, si tungetumia 1, 4, 8, 11 ili zisiwe sita kwenye foleni moja? Na nyingine, simu yangu 4G inasoma -98 dBm na inacheza video bila tatizo, wakati Wi-Fi ikifika -80 hata ujumbe hauendi. dBm si ni dBm?

---

dada_wa_redio

Ya kwanza hapana. Chaneli za 2.4 zimepangwa kila 5 MHz lakini matangazo yenyewe yana upana wa 20 na zaidi. Chaneli 1 katikati yake ni 2412, 4 ni 2427, zinalaliana. AP mbili zikiwa chaneli moja zinasomana na kupeana zamu. Zikilaliana nusu haziwezi kusomana, kila moja kwa mwenzake ni kelele tu, na kwa kelele isiyosomeka kifaa kinanyamaza ikifika -62 dBm, sio -82. Kwa desibeli 20 zote hizo za katikati wanaongea juu ya wenzao, paketi zinaharibika, zinarudiwa, na kila kurudia ni muda wa hewani umeliwa. Foleni ni afadhali kuliko kugongana. Nchi zilizofungua mpaka 13 kuna wanaotumia 1, 5, 9, 13 na inawezekana kwa sababu matangazo ya siku hizi ni membamba kidogo kuliko yale ya 802.11b, ila ukiwa na jirani mmoja kwenye 6 au 11 umeharibu.

Ya pili ni swali zuri sana. dBm ni dBm, ila hazipimi kitu kimoja. Ile ya 4G ni RSRP, wastani wa pawa kwenye sabukeria (kijichaneli chembamba ndani ya chaneli) moja tu ya marejeo, yenye upana wa 15 kHz. Wi-Fi inakupa pawa ya chaneli nzima. LTE, yaani hiyo 4G, ya 20 MHz ina bloku 100 zenye sabukeria 12 kila moja, jumla 1200, na 1200 kwa desibeli ni kama 31. Mnara ukiwa umejaa kazi chukua -98 ongeza 31 unapata -67 kwa chaneli nzima. Kumbe ni ileile tuliyoizungumza juu! Kwenye LTE nayo kuna RSSI, hiyo inajumlisha kila kitu kinachosikika kwenye upana huo, mnara wako, minara jirani na kelele, ndiyo maana ikiwa kubwa haimaanishi una mtandao mzuri, inaweza kuwa majirani tu. RSRQ inalinganisha hizo mbili. Kwa mpangaji wa 4G na 5G kipimo cha kutazama usafi ni SINR, ambacho kinahesabu na muingiliano sio kelele peke yake, na mimi natamani hata ripoti za Wi-Fi zingekiweka badala ya SNR iliyopimwa jengo likiwa tupu.

---

mlinzi_wa_swichi

Hiyo ya bikoni nimeipeleka kwa bosi kwa karatasi na kalamu akaelewa mara moja. Sasa anauliza mawili na mimi sina jibu la kumtosheleza. Moja, tukishuka kutoka 80 kwenda 20 si tunapoteza robo tatu ya spidi tuliyonunulia hizi AP? Mbili, DFS ni nini hasa, mbona aliyefunga aliizima?

---

fundi_masafa

La spidi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi inatokana na vitu vitatu: upana wa chaneli, idadi ya strimu (mikondo ya data inayotumwa kwa pamoja), na MCS. MCS ni ngazi ya modulesheni, yaani namna biti zinavyopakiwa kwenye mawimbi, pamoja na kiasi cha ulinzi wa makosa. Kwenye 802.11ax, hiyo inayouzwa kama Wi-Fi 6, ngazi zinaenda 0 hadi 11, ya juu inabeba biti 10 kwa kila sabukeria, na kwenye 802.11be imefika biti 12. Laptopu ya strimu mbili kwenye 80 MHz kwa MCS 11 inasoma megabiti 1201. Kwenye 20 MHz inasoma kama 287. Mbele ya macho imeshuka kweli, na kinachofika kwa mtumiaji hata siku nzuri ni kama nusu ya namba hizo au zaidi kidogo.

Lakini bosi aulizwe, ukumbi ukijaa kuna anayepata 1201? AP tisa zinagawana kipande kimoja. Kwa 20 MHz bila DFS una chaneli 36, 40, 44, 48, 149, 153, 157, 161 na 165, hizo ni tisa, kwa hiyo kila AP inagawana na moja tu badala ya kugawana na nane, na ukishusha pawa hao wawili unawaweka ncha mbili za jengo wasisikiane kabisa. Simu ya video inahitaji megabiti chache tu, haihitaji mia. Na kuna faida nyingine watu wanaisahau: kelele inaongezeka na upana. Kila ukigawanya upana kwa mbili kelele inashuka desibeli 3, kutoka 80 mpaka 20 ni desibeli 6 umepewa bure kwenye SNR, na SNR ikipanda MCS nayo inapanda, hasa kwa wale wa pembeni ambao ndio wanaolalamika. Anayetuma kwa MCS ya chini anakaa hewani muda mrefu kwa paketi ileile na wote wanamsubiri, kwa hiyo ukimsaidia wa pembeni umewasaidia na wa katikati.

Chaneli pana zina mahali pake. Nyumba yenye AP moja na majirani wachache, weka 80 bila wasiwasi. Au 6 GHz, huko nafasi ipo, Marekani walifungua 5925 hadi 7125 MHz mwaka 2020, megahezi 1200 nzima, Ulaya ikafungua sehemu ya chini yake. Ila vifaa viwe na uwezo huo, na kule ulinzi wa WPA2 haukubaliki, ni WPA3 au mtandao wa wazi uliosimbwa.

DFS namwachia dada.

---

dada_wa_redio

DFS ipo kwa sababu kwenye 5 GHz kuna waliotangulia, rada za hali ya hewa na za jeshi na za meli. Wi-Fi iliruhusiwa kuingia kwa sharti moja: rada ikisikika unaondoka. AP kabla ya kutumia chaneli hiyo inakaa kimya inasikiliza sekunde 60, na Ulaya zile za 120 hadi 128 zinazogusa rada za hali ya hewa ni dakika 10. Ikisikia rada wakati iko kazini inawaambia simu "tunahamia chaneli fulani", inatakiwa iwe imeondoka ndani ya sekunde 10, na hairudi pale kwa dakika 30.

Aliyefunga aliizima nadhani kwa kuogopa hilo la kuhamahama, na kwa aliyekaa karibu na uwanja wa ndege au bandari ni woga wenye msingi. Ila kuizima bila kupima ni kujinyima chaneli 52 hadi 64 na 100 hadi 144, kutegemea na nchi, yaani chaneli 16 za upana wa 20. Ukizijumlisha na zile tisa unafika 25, na wewe una AP 18. Kila moja ingekuwa na yake! Mimi ningeziwasha kwenye AP mbili tatu za pembeni, niache wiki kadhaa, nisome logi. Logi ikiwa haina tukio la rada endelea. Ikiwa na matukio kwenye chaneli fulani tu toa hizo, bakiza zingine. Na uwe makini na rada za uongo, kuna AP zinazosikia simu iliyoharibu fremu zikaiita rada.

Jambo moja la kuzingatia, simu kwenye chaneli za DFS haziruhusiwi kuita "nani yupo hapa?", lazima zisubiri kusikia bikoni. Kutafuta AP mpya kunachukua muda mrefu zaidi, na hapo tunarudi kwa yule anayetembea huku anaongea.

Kwenye mtandao wa simu mnara ndio unaoamua lini uhamishwe, simu inapeleka vipimo tu. Kwenye Wi-Fi anayeamua ni simu yenyewe, AP haina amri. Apple wameandika wazi kwamba iPhone inaanza kutafuta AP nyingine mawimbi yakishuka chini ya -70 dBm. Ramani yako sehemu mbaya kabisa ni -62. Unaona kinachotokea? Simu imeingia na AP ya mlangoni, mtu katembea mpaka mwisho wa jengo, simu bado inaisikia AP ile vizuri tu, haina sababu ya kuhama, na yeye upande wake sauti haifiki. Kijani kile mnachojivunia ndicho kinachowafunga. Ukishusha pawa, mahali kati ya AP mbili panashuka mpaka -67 hivi, simu inahama kwa wakati wake. Kwenye mtandao wa walimu na wanafunzi washa 802.11k inayompa simu orodha ya majirani, 802.11v inayomshauri ahamie wapi, na 802.11r inayofupisha kubadilishana funguo. Hiyo r ijaribu kwanza kwenye jina moja, kuna vifaa vya zamani vikiiona vinagoma kuunganika.

---

mlinzi_wa_swichi

Nimeelewa. Kwa hiyo mpangilio ni majina mawili au matatu, spidi ya chini 12, 2.4 ibaki kwenye sita, 5 kwa 20 MHz, pawa ishuke, DFS kwa majaribio pembeni. Swali la mwisho, pawa nishushe mpaka ngapi, na nitajuaje nimefika?

---

fundi_masafa

Namba ya kuanzia kwa 5 GHz weka kama 14 dBm, na 2.4 iwe chini ya hapo kwa desibeli 6 hivi kwa sababu masafa ya chini yanapoteza kidogo njiani, ukiacha sawa simu nyingi zitaikimbilia 2.4. Kontrola ikiwa na kujipangia pawa yenyewe usiiache wazi kabisa, ipe sakafu na dari, kama 11 hadi 17 kwa 5 GHz, isije ikapanda usiku jengo likiwa tupu.

Kujua umefika, tembea na simu ya kawaida, sio laptopu ya fundi, na sio asubuhi kukiwa na utulivu, tembea ukumbi ukiwa umejaa. Simama katikati ya AP mbili uone kama unapata -67 kutoka moja na nyingine isiwe mbali na hapo. Upande wa kontrola angalia inavyowasikia wao, maana nayo inaonyesha dBm za kila simu. Halafu matumizi ya chaneli na asilimia ya paketi zinazorudiwa. Matumizi yakikaa chini ya 50 wakati wa kilele na paketi za kurudiwa chini ya 10, video zitatulia. Badilisha kitu kimoja kimoja, uanze na bikoni maana hiyo hata kupanda ngazi huhitaji, na ukimaliza leta namba za kabla na za baada hapahapa.